Ni toleo gani la kerneli ya Linux lililowahi kukutumikia vyema kuliko yote?

#1 Nahodha64

Waungwana, salaam. Nimeendesha kerneli za Linux, yaani kile kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa na programu za kompyuta, tangu zama za 2.4, na kila ninapojiuliza ni toleo lipi lilinitumikia bila kunisumbua, jibu hurudi palepale: 2.6.32, lile lililotolewa Desemba 2009. Kompyuta mpakato niliyoitumia wakati huo, yenye prosesa ya Core 2 Duo, ninayo hadi leo, nami nasema bila kumung'unya maneno kwamba haijawahi tena kuwa nyepesi kama ilivyokuwa chini ya kerneli ile. Sasa inaendesha 6.1 iliyokuja na Debian 12. Nikinakili faili kubwa kwenda kwenye flashi, kishale cha kipanya huruka kama panzi, muziki hukatika katikati ya neno, na dirisha la terminali huonyesha kwa mkupuo herufi nilizoandika nusu dakika iliyopita.

Dai langu ni kwamba baada ya 2.6.32 kerneli ilianza kuandikwa kwa ajili ya seva kubwa na simu, na sisi wa kompyuta za mezani tukaachiwa makombo. Naomba kila mchangiaji ataje toleo lake na aeleze lilimfanyia nini, asiishie kwenye namba.

#2 MamaSeva

Ndugu Nahodha, toleo lako nalikubali ila sababu yako siikubali. 2.6.32 haikuwa na uchawi wowote siku ilipotoka. Kilichoikuza ni kwamba distro tatu, yaani mifumo kamili iliyojengwa juu ya Linux, Red Hat Enterprise Linux 6 (RHEL 6), Debian 6 na Ubuntu 10.04, zote ziliichagua kuwa msingi wao, hivyo wahandisi ambao kwa kawaida kila mmoja hulima shamba lake wakajikuta wanapalilia shamba moja kwa miaka. Kerneli iliyokuwamo katika RHEL 6 hadi mwaka 2020, matengenezo yake ya kawaida yalipokoma, ilijiita 2.6.32 hadi mwisho, lakini ilikuwa imeshonewa viraka vingi mno kutoka kerneli za baadaye. Kwa hiyo unapoisifu, tuambie kwanza ni 2.6.32 ya nani.

#3 Jiwe la Kale

Nawashangaa mnaoitaja 2.6.32 kana kwamba ndiyo ya kale. Toleo langu ni 2.4, na sitaki msamaha wa mtu.

Nilikuwa na mashine moja iliyosimama mlangoni mwa mtandao, kazi yake ikiwa ni kuchuja pakiti tu. Kwenye 2.0 niliandika sheria zake kwa ipfwadm, ilipokuja 2.2 nikaziandika upya kwa ipchains, na ilipokuja 2.4 nikaziandika tena kwa iptables. Baada ya hapo hakuna aliyenisumbua hadi nftables ilipoingia katika 3.13, mwaka 2014. Siku moja nikaandika amri ya uptime, ikaniambia mashine imewashwa siku tatu zilizopita. Nilitoka jasho. Nilipekua kumbukumbu za mfumo nikitafuta ni nani aliyeizima, sikuona kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kihesabu cha mapigo cha 2.4 kilikuwa cha biti 32, kikihesabu mapigo 100 kwa sekunde, nacho hujaa na kuanza sifuri baada ya siku 497. Mashine ilikuwa haijalala hata dakika moja. Nionyesheni kerneli ya leo itakayoniletea tatizo la namna hiyo.

#4 Msimbo Mtupu

Mzee Jiwe, kwa heshima zote, unayemkumbuka ni 2.4 aliyekwisha kutulia. Ujana wake ulikuwa wa fujo. Toleo la 2.4.0 lilitoka Januari 2001, na Septemba mwaka huohuo, katika 2.4.10, mfumo mzima wa kusimamia kumbukumbu ulioandikwa na Rik van Riel uling'olewa na kuwekwa ule wa Andrea Arcangeli, ndani ya mfululizo ulioitwa imara! 2.4.11 ilipewa jina la nyongeza la kuwaonya watu wasiitumie. Kisha ikaja 2.4.15, ambayo iliweza kuharibu mfumo wa mafaili wakati wa kuupachua. Ningekuwa na mashine ya mlangoni mwaka ule, ningekaa 2.2 kimya kimya.

#5 Jiwe la Kale

2.4.15 naijua kuliko unavyodhani. Niliikompaili, yaani niliijenga kutoka msimbo wake, jioni ileile ilipotoka, nikawasha upya, nikafurahi, nikazima nikalala. Asubuhi fsck, programu ya kukagua mfumo wa mafaili, iliniuliza maswali hadi nikachoka kubonyeza herufi ya kukubali. Faili zilizosalia zilikuwa kwenye lost+found, zina namba badala ya majina, nami nikawa nazifungua moja moja kama mtu anayetafuta nguo zake kwenye rundo la nguo za wenzake. 2.4.16 ilitoka siku chache baadaye. Bado nasema 2.4, kwa kuwa niliyoikusudia ni ile ya miaka ya mwisho, iliyotunzwa na Marcelo Tosatti na baada yake Willy Tarreau, ambapo kilichoingia kilikuwa marekebisho tu. Kerneli isiyoongezewa kitu ndiyo kerneli tamu.

#6 Kichwa Baridi

Ningependa kuleta maelezo mengine kabla hatujatumbukia kwenye ushabiki. Nadhani hakuna anayependa toleo la kerneli. Mtu hupenda siku ambayo kifaa chake kilikubali kufanya kazi. Mimi kwa miaka miwili niliendesha kadi yangu ya mtandao usiotumia waya kwa ndiswrapper, yaani kwa kuikopea kiendeshi cha Windows, na kila baada ya saa kadhaa ilikata na kunilazimu kuondoa moduli na kuirudisha. Ilipotoka 2.6.24, Januari 2008, ikaja na kiendeshi cha b43. Nikaipatia firmiwea yake, nikaandika amri moja, taa ndogo ya kijani pembeni mwa kibodi ikawaka na haikuzimika tena. Mpaka leo ukiniuliza toleo bora nitakujibu 2.6.24, ingawa najua kabisa kwamba kwa mtu mwenye kadi tofauti toleo hilo halikuwa na lolote la kukumbukwa.

Nahodha na atuambie: mwaka 2009 kompyuta yake ilikuwa na umri gani?

#7 Nahodha64

Ilikuwa mpya, miezi minne. Naona unakoelekea, na sikufuati.

#8 Zamu kwa Zamu

Kichwa Baridi amesema kweli nusu. Iko sababu ya kiufundi inayoweza kuelezwa bila hisia: mgawa zamu. Kerneli ndiyo inayoamua ni programu ipi ipewe prosesa na kwa muda gani, na mtumiaji wa mezani huhisi uamuzi huo kwenye kipanya kabla ya kitu kingine chochote. 2.6.32 ilikuwa ya kwanza kuja na CFS, mgawa zamu wa haki aliyeandikwa na Con Kolivas, na ndiyo maana ilionekana nyepesi.

#9 Msimbo Mtupu

Ndugu yangu, sentensi yako ya mwisho ina makosa mawili. CFS iliingia katika 2.6.23, Oktoba 2007, na mwandishi wake ni Ingo Molnar, yuleyule aliyeandika mgawa zamu wa O(1) uliotumika katika matoleo ya mwanzo ya 2.6. Con Kolivas, ambaye kwa taaluma ni daktari wa usingizi huko Australia, alikuwa na wagawa zamu wake waliotangulia, na Molnar mwenyewe alikiri kwamba kazi ya Kolivas ilithibitisha kwamba kugawa kwa haki kunawezekana. Kolivas aliacha kuandikia kerneli mwaka 2007, kisha akarudi mwaka 2009 na mgawa zamu wake mwingine, BFS, ambayo ilibaki kiraka cha nje na haikuwahi kuingizwa katika kerneli kuu.

#10 Zamu kwa Zamu

Nimesahihishwa na nashukuru. Hoja yangu hata hivyo inasimama: nilipokuwa nakompaili programu kubwa kwa nyuzi nne huku natazama video, kerneli yenye BFS ilinipa picha isiyokatika na ile ya CFS ilikatika. Hilo nililiona kwa macho yangu kwenye mashine ileile, jioni ileile. Katika 6.6, Oktoba 2023, CFS nayo ilimpisha EEVDF, ambaye wazo lake liko kwenye makala za kitaaluma za miaka ya 1990. Kama mgawa zamu hana uzito, kwa nini watu wamembadilisha mara zote hizo?

#11 Kokwa Ngumu

Samahanini kwa kuingilia. Hivi kwa nini sote tunasema kerneli wakati tuna neno kokwa?

#12 MamaSeva

Kwa sababu kokwa hutupwa baada ya kula embe, mkuu. Wengine husema kiini, nami sina ugomvi nao, ila naomba tusiende huko, kwa maana uzi wa maneno hauna mwisho.

#13 Kokwa Ngumu

Nimekoma. Toleo langu basi ni 3.0, kwa kuwa ndilo lililoleta mageuzi makubwa kuliko yote tangu 2.6.

#14 Jiwe la Kale

Ungenyamaza kwenye kokwa ingekuwa heri. 3.0 ya Julai 2011 ni 2.6.40 iliyobadilishwa jina. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliona namba zinakuwa ndefu, na Linux inatimiza miaka 20, akaamua kukata. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba hapakuwa na badiliko kubwa lolote nyuma ya namba hiyo. Hali ni hiyohiyo kwa 4.0 ya mwaka 2015, 5.0 ya mwaka 2019 na 6.0 ya mwaka 2022. Namba ya pili ikikaribia 20 au kuifikia, ya kwanza husogezwa. Kitu pekee ambacho 3.0 ilikigeuza kwangu ni programu moja iliyokuwa imezoea namba zinazoanza na 2.6 na ikakataa kuwaka.

Zamani, kabla ya 2.6, namba zilikuwa na maana: ya pili ikiwa witiri, kama 2.3 au 2.5, ilikuwa ya majaribio. Ikiwa shufwa, ilikuwa imara. Mtu alijua anaingia wapi.

#15 Binti wa Git

Toleo langu ni 4.19, la Oktoba 2018. Debian 10 ilijengwa juu yake na lilitunzwa hadi Desemba 2024. Najua kuna atakayenikumbusha kuwa mwanzoni liliharibu mafaili ya ext4, kwa hiyo naanza mwenyewe: liliharibu kweli, na kila mtu aliilaumu ext4 kwa wiki kadhaa, ilhali mfumo huo wa mafaili haukuwa na hatia. Kosa lilikuwa chini yake, kwenye tabaka la kupeleka maombi kwa diski, blk-mq, katika mazingira ambayo diski haikupangiwa mpangaji wowote wa maombi. Lilirekebishwa katika 4.19.8. Sababu ya kulipenda ni kwamba kwenye 4.19 nilijifunza kutolaumu mtu kabla ya kupima.

Baada ya kuhama kutoka 4.18 kuja 4.19, kompyuta yangu mpakato ilikuwa ikifunikwa haiamki. Skrini nyeusi, feni inazunguka, basi. Nilitumia git bisect, zana ya kutafuta badiliko lililoleta hitilafu. Kati ya matoleo mawili yanayofuatana huwa kuna mabadiliko elfu kumi na kitu, na kila hatua huyagawa nusu kwa nusu, kwa hiyo hatua 13 au 14 zinatosha kulifikia badiliko moja. Jioni tatu nilikompaili, nikawasha, nikafunika, nikahesabu hadi kumi, nikafunua, nikaandika nzuri au mbaya kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Jioni ya tatu git ikanionyesha kiraka kimoja chenye mistari minane kwenye kiendeshi cha michoro. Niliwaandikia wenyewe, wakanijibu kwa kiraka cha kujaribu siku ya pili yake. Hakuna toleo ninalolijua kwa undani kama hilo.

#16 Kichwa Baridi

Dada, umenithibitishia hoja yangu bila kukusudia. Unalipenda kwa sababu ulilihangaikia.

#17 Binti wa Git

Nalipenda kwa sababu liliamka. Kama lisingeamka ningekuwa nalichukia kwa undani uleule.

#18 Mlinzi wa Lango

Mnazungumza wepesi, nami nataka kuzungumzia matundu ya usalama. Nahodha, 2.6.32 yako ilikuwa na Dirty COW. Tundu hilo lilikuwamo tangu 2.6.22 ya mwaka 2007 na likazibwa Oktoba 2016, wakati ambapo mfululizo wa 2.6.32 kwenye kerneli kuu ulikuwa umeshafungwa mapema mwaka huohuo. Waliobaki salama ni wale tu ambao distro yao iliwashonea kiraka, kama alivyosema MamaSeva katika #2.

Toleo langu ni 5.4, la Novemba 2019. Machi 2022 ilipotangazwa Dirty Pipe, ambayo ilimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya faili aliloruhusiwa kulisoma tu, seva zangu zote zilikuwa 5.4. Tundu lilianzia 5.8. Wenzangu waliokuwa wakijivunia kerneli mpya walishinda usiku kucha wakihamia 5.10.102 na 5.15.25, mimi nikalala.

#19 Msimbo Mtupu

Mlinzi, huo ni ushindi wa bahati. Dirty COW ingekuta seva zako zikiwa na kerneli ya zamani kama ilivyokuta za kila mtu. Kerneli yenye umri haikusaidia hapo hata kidogo. Huwezi kuchagua toleo kwa kukisia ni lipi halina tundu ambalo halijagunduliwa.

#20 Mlinzi wa Lango

Siwezi, ni kweli. Ila naweza kuchagua toleo ambalo halipokei vitu vipya, kwa kuwa kitu kipya ndicho kinacholeta tundu jipya. Tumetofautiana.

#21 MamaSeva

Kerneli isiyopokea vitu vipya nayo huua, Mlinzi. Nilikuwa natunza seva kadhaa za mwajiri wangu wa zamani, zote 2.6.32, zote ziliwashwa wiki moja. Alfajiri moja seva ya nne ilikufa. Baada ya saa mbili, ya saba. Tulipozihesabu siku tukakuta zote mbili zilikuwa zimekaribia 209. Kerneli za wakati ule zilikuwa na hesabu ya nanosekunde iliyofurika baada ya siku 208 na nusu hivi, na baadhi ya mashine zikianguka hapo. Kiraka kilikuwa kimeshatolewa. Sisi ndio tuliokuwa tukijivunia kutozima. Tuliziwasha upya zote zilizosalia kwa mkono, moja baada ya nyingine, huku mwenzangu akisoma orodha kwa sauti kama anayeita majina darasani.

Baada ya hapo sikumwelewa tena mtu anayejisifu kwa siku 497.

#22 Jiwe la Kale

Hilo nimelisikia.

#23 Sauti ya Shaba

Mimi ni mrekodi wa muziki na toleo langu ni la karibuni, 6.12, la Novemba 2024. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kurekodi ala bila kuchelewa kwa sauti alilazimika kushona viraka vya PREEMPT_RT, vinavyoifanya kerneli iitikie kwa wakati, juu ya kerneli yake mwenyewe, kisha akaomba dua kwamba kiendeshi cha kadi ya michoro kisivikatae. Kazi ile ilichukua takriban miaka 20, na sehemu zake nyingi ziliingia kidogo kidogo katika kerneli ya kila mtu. Katika 6.12 ndipo mtu aliweza kuiwasha bila kiraka cha nje kwenye prosesa za x86, za ARM za biti 64 na za RISC-V. Niliweka alama kwenye mpangilio, nikakompaili, nikawasha, nikapiga noti moja na kuisikia pale kidole kilipogusa. Hakuna historia wala kumbukumbu tamu hapo, na mashine yenyewe nilikuwa nayo miaka sita. Kichwa Baridi atueleze hilo.

#24 Kichwa Baridi

Hilo silielezi. Ulikuwa na hitaji maalumu na toleo moja likalitimiza. Nakubali.

#25 Zamu kwa Zamu

Nauliza tu: hivi hakuna anayeitaja 2.6.29? Ndiyo kerneli pekee ambayo pengwini Tux, nembo ya Linux, aliwekwa kando na nafasi yake kuchukuliwa na Tuz, yule shetani wa Tasmania aliyevaa mdomo wa bandia, ili kuwakumbusha watu kwamba mnyama yule anamalizwa na ugonjwa. Niliikompaili kwa ajili ya nembo hiyo tu, nikaiona sekunde mbili, nikarudi 2.6.28.

#26 Fundi Diski

Turudi kwa Nahodha, kwa maana naona sote tumemtibu bila kumpima. Tatizo la kunakili faili na kipanya kuruka halikuzaliwa baada ya 2.6.32. Lina kumbukumbu yake katika daftari la hitilafu la kerneli, namba 12309, na ilifunguliwa kabla ya 2.6.32 kutoka. Watu walililalamikia miaka na miaka. Lilipunguzwa kwa vipande: 3.2 ilibadilisha namna programu zinavyocheleweshwa zinapoandika kuliko diski inavyomeza, na 4.10 ikaleta njia ya kubana uandishi wa nyuma ya pazia. Kwa hiyo kusema kwamba 2.6.32 haikuwa nalo na 6.1 inalo ni kinyume cha yaliyotokea.

Swali langu ni hili, Nahodha: mwaka 2009 mashine ilikuwa na kumbukumbu kiasi gani, na leo ina kiasi gani?

#27 Nahodha64

Ilikuwa gigabaiti 2. Nimeiongezea hadi 8. Sikuona kama inahusika.

#28 Fundi Diski

Inahusika mno. Unaponakili, kerneli huweka data kwanza kwenye kumbukumbu na kuiandika kwenye kifaa baadaye. Kikomo chake cha kawaida, vm.dirty_ratio, ni asilimia 20. Kwa gigabaiti 2 hiyo ni kama megabaiti 400. Kwa gigabaiti 8 ni zaidi ya 1,600. Flashi inayomeza megabaiti 5 kwa sekunde itamaliza mzigo wa kwanza kwa sekunde 80 na wa pili kwa dakika tano na ushei. Kikomo kikifikiwa, kila programu inayotaka kuandika chochote husimamishwa kwenye foleni, hata kama inataka kuandika mstari mmoja wa historia ya kivinjari. Kerneli yako ya sasa inaweza kuwa nzuri kuliko ya zamani. Wewe ndiye uliyeipanulia ghala na kuiachia mlango uleule.

Weka kikomo hicho kwa baiti badala ya asilimia: vm.dirty_bytes iwe 67108864 na vm.dirty_background_bytes iwe 16777216, kisha nakili tena.

#29 Msimbo Mtupu

Sahihisho dogo kwa Fundi: asilimia hiyo haihesabiwi kwa kumbukumbu yote bali kwa ile inayopatikana wakati huo, yaani iliyo huru pamoja na ile inayoweza kurudishwa. Mwenye kivinjari chenye kurasa 40 atafikia kikomo mapema zaidi. Tena, ilivyo tangu 3.2, mwandishi hupunguzwa mwendo kabla ya kukifikia kikomo chenyewe. Mengine umesema sawa.

Nahodha, angalia pia faili la /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled. 6.1 ndiyo iliyoleta utaratibu mpya wa kuchagua kurasa za kuondolewa kwenye kumbukumbu, lakini kuwamo kwake haimaanishi kwamba umewashwa. Ukisoma 0x0000, umezimwa.

#30 Nahodha64

Nimesoma 0x0000. Nimeuwasha kwa kuandika y. Nimeweka pia namba zote mbili za Fundi Diski. Nilipokuwa hapo nikaona niweke kabisa kerneli ya 6.12 kutoka hazina ya backports, ile ya Debian yenye matoleo mapya zaidi, nikawasha upya, nikarudia mipangilio yote, na nimenakili faili lile lile la gigabaiti 4 kwenda kwenye flashi ileile. Kipanya hakikuruka. Muziki haukukatika. Nimefungua terminali, nikaandika, herufi zikaja pale pale.

#31 Binti wa Git

Kwa hiyo kilichokuponya ni kipi kati ya vitu vitatu ulivyobadilisha kwa mkupuo mmoja?

#32 Fundi Diski

Ni dirty_bytes.

#33 Msimbo Mtupu

Ungekuwa umesubiri atuambie alikuwa na kurasa ngapi wazi, Fundi. Mimi siwezi kuiondoa lru_gen.

#34 Zamu kwa Zamu

Na 6.12 ina EEVDF, ambaye 6.1 haikuwa naye. Herufi kuja pale pale ni kazi ya mgawa zamu, si ya diski.

#35 MamaSeva

Nahodha, rudi 6.1, rejesha kila kitu kama kilivyokuwa, ubadilishe kimoja kimoja, kila kimoja kwa kunakili mara tatu. Usipofanya hivyo utakuja hapa mwaka 2035 kutuambia kwamba 6.12 ndiyo kerneli bora kuliko zote na kwamba zilizofuata zilinenepa.

#36 Nahodha64

Nitafanya, Mama, lakini kuna jambo limejitokeza ambalo linanihangaisha zaidi. Jana usiku niliifunika kompyuta nikiwa kwenye 6.12, na asubuhi nilipoifunua skrini ilibaki nyeusi na feni inazunguka. Nikiwasha 6.1, inaamka kama kawaida. Nimejaribu mara tano kila moja.

#37 Binti wa Git

Sasa umefika kwangu. Tuma mistari ya mwisho ya dmesg, yaani kumbukumbu za kerneli, kutoka 6.1, kisha chukua chanzo kamili na uanze bisect, v6.1 ikiwa nzuri na v6.12 ikiwa mbaya. Kabla ya hapo jaribu 6.6 kwanza, itakupunguzia safari.

#38 Nahodha64

Nimekosa subira ya kujaribu 6.6, nimeanza moja kwa moja. Git inaniambia zimebaki hatua takriban 17, na kukompaili mara ya kwanza kwenye Core 2 Duo kumechukua tangu alasiri hadi sasa na hakujaisha.

#39 Binti wa Git

Punguza mpangilio kwa make localmodconfig, ubaki na moduli zinazotumika tu. Na uandike nzuri na mbaya kwenye karatasi, si kichwani.